Mlango wa Uganga: Jinsi Wauguzi wa Kongo Walivyopata Kuwa Madaktari

Huku kwetu Lusangi, na katika nchi yote ya Kasongo na Kabambare, kijana akimaliza shule ya uuguzi hupongezwa na ndugu zake, kisha haipiti wiki wazee wanamwuliza: «Na sasa, utakuwa munganga mwenyewe lini?» Wazee hawaulizi kwa dharau. Wanaona kijana amevaa koti jeupe, anapiga sindano, anazalisha, anafunga vidonda; kwa macho yao imebaki hatua ndogo tu. Lakini kijana mwenyewe anajua kwamba kati ya koti la mwuguzi na koti la daktari pana mlango, na mlangoni pana mtihani. Historia ya mlango huo wengi hawaijui, na vitabu vya shule huipita haraka. Ndiyo maana tumeona vema kuisimulia. (Na tukisema mganga au uganga katika habari hii, tunamtaja daktari wa hospitali, si mwenye hirizi.)

Tuanze karibu, hapa hapa Kasongo. Mwaka 1903 chuo cha Liverpool, Uingereza, kilichojifunza magonjwa ya nchi za joto, kiliwatuma waganga kuja Kongo kuchunguza malale. Wawili kati yao walikuwa Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na John Lancelot Todd, wa Kanada. Dutton alikuwa tayari na sifa, maana ni yeye aliyetambua huko Gambia vile vijidudu vya malale katika damu ya binadamu. Wakapanda mto hata kufika upande wetu wa mashariki. Hapa wakakuta homa nyingine, ile inayomshika mtu, ikamwacha siku kadhaa, halafu ikarudi tena. Wakahakikisha ya kuwa homa hiyo inaletwa na papasi, yule mdudu anayekaa katika vumbi la nyumba na kuwauma watu usiku. Kazi hiyo iliwapa wote wawili homa ile ile. Todd akapona. Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, angali kijana. Hata leo, katika vitabu vya uganga, vijidudu vya homa ya papasi vinaitwa kwa jina lake.

Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba, kazi ya uganga katika nchi yetu si jambo la pembeni; hapa ndipo ulipopatikana ujuzi unaosomwa hata Ulaya na Marekani. Ya pili ni hii: habari yote ya papasi wa Kasongo iliandikwa kwa Kiingereza. Wenyeji walimjua papasi miaka na miaka, wakajua pia kwamba mgeni akilala katika nyumba fulani ataugua. Lakini ujuzi wao haukuingia kitabuni mpaka mtu mwenye lugha ya kitabu alipoupeleka. Msomaji aliweke neno hili akilini, maana litarudi.

Basi serikali ya Wabelgiji ilihitaji mikono. Malale yalikuwa yakimaliza vijiji, na daktari mmoja hakuweza kupima shingo na damu za watu elfu kumi peke yake. Hapo ndipo walipofundishwa vijana wa Kongo kazi ya uuguzi, kwanza kwa vitendo tu, halafu katika mashule. Masista na mapadre nao walikuwa na zahanati zao katika misioni. Mwaka 1926 chuo kikuu cha Wakatoliki cha Louvain kikaanzisha shirika la uganga la Kongo, lililoitwa kwa kifupi FOMULAC, makao yake Kisantu, nalo likafundisha wauguzi. Mwaka 1936 ikaanza huko Léopoldville shule ya juu zaidi, ya wale walioitwa kwa Kifaransa assistants médicaux, yaani wasaidizi wa waganga. Ruanda-Urundi walikuwa na shule ya Mabruda wa Upendo huko Astrida, yenye tawi la kazi hiyo hiyo.

Msaidizi wa mganga hakuwa mtu wa kubeba beseni. Alisoma miaka minne darasani, akaongeza miaka miwili ya mazoezi hospitalini. Alijua mwili wa binadamu, magonjwa, dawa, darubini, upasuaji mdogo, na mahali pengine hata mkubwa. Katika hospitali nyingi za ndani alifanya kazi ambayo huko Ulaya ingefanywa na daktari. Hata hivyo alikuwa chini ya daktari Mzungu siku zote, na masomo yake hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya masomo ya udaktari. Kama angetaka kuwa daktari, miaka yake sita ilikuwa si kitu. Shule yake ilikuwa njia inayofika mahali ikakoma, kama barabara iliyokatwa na mto usio na kivuko.

Hapa hatuna budi kulinganisha jambo moja, ingawa linatugusa sisi Wakatoliki kwa namna mbili. Padre wa kwanza wa Kongo, Stefano Kaoze, alipewa upadre mwaka 1917, upande wa Tanganika. Kumfikisha hapo, Mapadre Weupe walimfundisha Kilatini, falsafa na teolojia, masomo marefu kuliko ya daktari. Basi ilijulikana tangu mwaka ule kwamba kijana wa Kongo, akipewa walimu na miaka, aweza kumaliza masomo makubwa. Kwa nini basi, ulipofika uhuru mwaka 1960, mapadre wazalendo walikuwa mamia, na daktari Mkongo hakuwapo hata mmoja? Hatuwezi kusema akili ilikosekana. Mlango ulikosekana. Misioni ilifungua mlango wa seminari kwa sababu ilitaka mapadre wazalendo. Serikali haikufungua mlango wa uganga kwa sababu haikuwa na haraka ya kupata waganga wazalendo. Na lazima tukiri pia kwamba misioni, iliyokuwa na karibu mashule yote mkononi mwake, kwa miaka mingi haikupiga kelele juu ya jambo hilo.

Mwaka 1948 mpango wa mashule ukabadilishwa, zikaanza sekondari kamili kwa Wakongo. Mwaka 1954 chuo kikuu cha Lovanium kikafunguliwa juu ya kilima karibu na Léopoldville, kazi ya Louvain tena. Mwaka 1956 serikali nayo ikafungua chuo chake Elisabethville. Lovanium walipotazama vijana waliokuja, wakaona wengi wana akili lakini sekondari zao hazikuwafikisha. Wakaanzisha mwaka wa matayarisho kabla ya chuo kikuu. Mwaka huo haukuwa wa uganga. Ulikuwa wa hesabu, wa sayansi, na zaidi ya yote wa Kifaransa: kusikiliza mhadhara wa saa nzima na kuandika yaliyo ya maana, kusoma kurasa nyingi kwa siku, kueleza wazo kwa utaratibu. Kwa maoni yetu huo ulikuwa mpango wa busara kuliko mingine yote ya wakati ule, na inasikitisha kwamba ulichelewa. Masomo ya udaktari ni ya miaka saba. Aliyeanza 1954 hakuweza kuwa amemaliza mwaka 1960.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Katika wiki chache madaktari wa Kibelgiji, waliokuwa mamia, wengi wao wakakimbia pamoja na jamaa zao. Nchi ya watu karibu milioni 14 ikabaki na hospitali nzuri, vitanda, darubini, sanduku za dawa, na bila mganga wa kuamuru. Umoja wa Mataifa ukaleta waganga kutoka nchi nyingi. Wahindi walikuja na hospitali yao ya kijeshi. Kutoka Haiti walikuja waganga wanaosema Kifaransa. Wengine walikuwa watu wema na wajuzi, lakini hawakujua Kifaransa, sembuse Kiswahili au Lingala. Mganga alisema kwa Kiingereza, mkalimani akageuza kwa Kifaransa, mwuguzi akageuza kwa lugha ya mgonjwa, na jibu likarudi kwa njia ile ile ya mizunguko. Hebu fikiri mama anayeeleza maumivu ya tumbo kupitia vinywa vitatu.

Katika shida hiyo likafanyika shauri ambalo twaliona kuwa la ajabu katika historia ya Afrika. Shirika la Afya Duniani, kwa kukubaliana na serikali, liliwachukua wasaidizi wa waganga wapatao 60, katika wale zaidi ya 100 waliokuwapo nchini, likawapeleka Ufaransa wamalize udaktari. Hawakuanzishwa mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari. Walipokelewa katikati ya masomo, kwa kuhesabiwa yale waliyokwisha kusoma na kutenda. Mto usio na kivuko ukapata kivuko.

Wasomaji watapenda kujua walijitayarisha vipi. Matayarisho ya majuma machache kabla ya safari hayakutosha kitu. Matayarisho yao yalikuwa yale ya miaka kumi au ishirini hospitalini. Mtu aliyekwisha kuona wagonjwa elfu wa malaria hahitaji kukariri dalili zake. Amezishika kwa mkono. Lakini walikuwa na upungufu pia, na ulikuwa mahali pale pale ambapo hospitali ya Kongo haikuwafundisha. Kemia na fizikia zao zilikuwa za zamani au chache. Tena walikuwa wamezoea kufanya bila kuulizwa sababu; sasa profesa aliuliza sababu kwanza. Wengi walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, wameketi karibu na vijana wa miaka ishirini na kitu. Kifaransa chao kilikuwa cha hospitali: maagizo, majina ya dawa, ripoti fupi. Kifaransa cha kutetea fikira mbele ya watahini watatu ni kitu kingine.

Na je, gharama? Hapa tusipambe mambo. Watu sitini hao ndio waliokuwa na ujuzi kupita wenzao wote waliobaki nchini, nao waliondolewa wakati ule ule hospitali zilipokuwa tupu. Yule mama wa tumbo, mwaka 1961, hakumkuta msaidizi wa mganga aliyemjua. Alimkuta mgeni na mkalimani, au mwuguzi mdogo peke yake. Watu waliokufa kwa sababu hiyo hakuna aliyewahesabu. Wengine walisema wakati ule, na neno lao lina uzito, kwamba ingefaa kuwapeleka kumi kumi. Sisi twaona kwamba wangepelekwa kumi kumi, zamu ya tatu isingekwenda. Vita vingekuja, serikali ingebadilika, fedha zingepelekwa kwingine. Tazameni yaliyotokea: mwaka 1963 wa kwanza walirudi wakiwa madaktari kamili, na mwaka 1964 waasi wa Simba wakateka Kasongo na Kindu, nchi ikawaka moto. Mlango ulifunguka kwa miaka michache tu. Walioingia haraka ndio walioingia.

Huko kwa majirani zetu waliotawaliwa na Waingereza mlango ulikuwapo mapema zaidi, lakini kufuli lake lilikuwa lugha. Makerere, Uganda, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na upesi ikaanza kufundisha uganga, wanafunzi wakifanya mazoezi katika hospitali ya Mulago. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja walishindania nafasi chache. Dr. Vedasto Kyaruzi, aliyekuwa rais wa chama cha Waafrika cha Tanganyika mwaka 1950, alisomea uganga huko. Kufika Makerere kulidai mtihani, na mtihani ulidai Kiingereza. Hata katika cheti cha sekondari cha Cambridge, mtahiniwa aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti chote, hata kama hesabu na biolojia alizijua vizuri sana. Ni waganga wangapi waliopotea kwa sababu ya insha moja mbaya? Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere yeye mwenyewe toka 1943 hata 1945, alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na waganga wazalendo 12 tu. Ni wachache mno. Lakini sisi wa Kongo tukisikia hesabu hiyo hatuwezi kuwacheka, maana sisi tulikuwa na sifuri.

Wengine husema: Ni haki gani kumpima mganga kwa lugha? Mgonjwa haugui kwa Kiingereza. Neno hili ni kweli nusu. Tulichukue neno la Kiswahili «mshipa». Damu inayotoka moyoni inapita katika mshipa, damu inayorudi moyoni inapita katika mshipa, fahamu za mwili zinapita katika mshipa, kano inayokaza mguu wengine huiita mshipa, na mzee aliyevimba chini ya kinena anasema, «Nina mshipa.» Kifaransa na Kiingereza vina jina mbalimbali kwa kila kimoja cha vitu hivi. Mwanafunzi aliyezoea neno moja akiulizwa mtihanini mshipa uliokatwa ni upi, hawezi kujibu kwa neno lake la nyumbani. Hana budi kupata mgawanyo ambao lugha ya kitabu imekwisha kuufanya. Tena mtu akisema «moyo unanichafuka» hana ugonjwa wa moyo, ana kichefuchefu. Mganga asiyejua Kiswahili atampima kifua bure. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anahitaji lugha zote mbili, ya kitanda na ya kitabu, na kipaji chake hasa ni kupita kutoka moja kwenda nyingine bila kumwaga maana njiani. Mtihani wa lugha unapima nusu ya kipaji hicho. Nusu ya pili haipimwi na mtahini yeyote, na ndiyo ambayo mtoto wa Lusangi ameipata bila ada.

Na sasa turudi Kasongo. Mwaka 1971 waganga wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, wakishirikiana na Wakongo, walianza Kasongo kazi iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo. Walipanga hospitali na vituo vya afya viwe kitu kimoja. Kituo kiliongozwa na mwuguzi, si daktari. Alipewa maagizo yaliyoandikwa vizuri, akajua nani amtibu mwenyewe na nani ampeleke hospitali. Miaka saba baadaye, mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata kuzungumza habari za huduma za afya za msingi. Mambo mengi yaliyosemwa pale yalikuwa yakitendwa Kasongo tayari.

Wauguzi hao waliandika katika madaftari majina ya watoto, chanjo zao, na waliokufa. Kutokana na madaftari hayo, mwaka 1981 habari za Kasongo zikatokea katika gazeti la waganga la London liitwalo The Lancet. Swali lilikuwa hili: mtoto aliyechanjwa surua, je, ameokoka kweli, au kifo kinamngoja mbele kwa ugonjwa mwingine? Waandishi waliona kwamba faida ilionekana kupungua kadiri mtoto anavyokua. Neno hilo lilizua mabishano makubwa duniani, na uchunguzi wa baadaye katika nchi nyingine ulionyesha kwamba faida ya chanjo ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Hatukusudii kuingia katika mabishano hayo. Twataka tu msomaji aone njia iliyopita habari ile: mama alisema kwa Kiswahili, mwuguzi akaandika kwa Kifaransa, dunia ikasoma na kubishana kwa Kiingereza. Kama mwaka 1905, vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mara hii walioshika kalamu ya kwanza walikuwa watu wetu. Lakini mabishano yenyewe waliyasikia kwa mbali, maana wachache wao waliweza kusoma gazeti lile.

Siku hizi kijana wa hapa anayetaka uganga ana njia mbili mbele yake. Moja ni ya Kifaransa: diploma ya taifa, ambayo mtihani wake ulianzishwa mwaka 1967, kisha chuo kikuu cha hapa Kongo. Nyingine ni ya Kiingereza, nje ya mipaka: Makerere, au Muhimbili huko Dar es Salaam, au chuo cha Wakatoliki cha sayansi za afya kilichoanza Bugando, Mwanza, mwaka 2003. Huko Tanzania mwenye stashahada ya utabibu, akiwa na alama zinazotakiwa, aweza kuomba kuingia masomo ya udaktari; kile kivuko cha 1960 kimekuwa huko jambo la kila mwaka. Njiani Kiswahili kinamfaa. Akiingia darasani hakimfai tena.

Anayejitayarisha kwa njia hiyo ya pili asidhani kwamba Kifaransa chake kitambeba. Kitambeba nusu safari, kisha kitamwangusha. Maneno mengi ya uganga yanafanana, na hapo ndipo penye mtego. Mfaransa akisema physicien anamtaja mtaalamu wa fizikia. Mwingereza akisema physician anamtaja mganga. Mfaransa akiandika angine, mgonjwa ana uvimbe wa koo. Mwingereza akiandika angina, mgonjwa ana maumivu ya moyo, na huenda akafa kabla ya jioni. Kijana awe na daftari la maneno ya namna hii, la safu tatu, Kiswahili kikiwa safu ya kwanza. Alianze angali mwuguzi, wakati wagonjwa bado wako mbele yake kila asubuhi na anaweza kuwauliza kila mmoja: «Mama, unaposema moyo, weka mkono mahali penyewe nipaone.»